Aliyeibiwa Hasara

Dhuluma yenyewe ni hii, na isemwe mapema kabla watu hawajaanza kuipunguza: shemeji wa mwanamke mmoja alichukua mabua ya mahindi ya mwanamke huyo yaliyovunjwa na mvua ya mawe, akayachomeka kwenye shamba lake mwenyewe ambalo msimu huo hakulitia jembe, na serikali ikamlipa yeye fidia ya maafa ya ekari sita. Mwenye mabua hakulipwa hata senti. Watu wengine huibiwa kuku, au baiskeli, au mume. Yeye aliibiwa hasara.

Kijijini wanamwita Fagio. Jina hilo alipewa na mawifi zake wiki ile ya kwanza ya kuolewa, walipomkuta asubuhi anafagia njia ya kisimani, njia ya kijiji kizima, ambayo tangu iwe njia haikuwahi kuguswa na ufagio wa mtu. Mawifi walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye akawaomba wanyanyuke, maana hapo walipokaa alikuwa hajapafikia. Jina likaganda. Sasa ana miaka arobaini na minane, amezaa wanne, watatu wameshajitegemea, na bado anaitwa Fagio. Kusoma hakusoma. Darasani alikaa miezi mitatu, akatolewa kwenda kulea wadogo zake, na kitu pekee alichotoka nacho huko ni kusimama kwenye mstari. Hicho alikipeleka shambani. Mahindi yake husimama kwenye mstari kuliko watoto wa shule siku ya mgeni.

Mumewe ni fundi baiskeli, ana kibanda pale njia panda. Ni mtu mpole, hajawahi kugombana na kitu kilicho kigumu kuliko nati iliyoshika kutu. Siku serikali ilipoandikisha wakulima, yeye alisema ana gurudumu la watu la kunyoosha, hana nafasi ya kupanga foleni. Akaenda mkewe. Ndiyo maana ekari zile nne, mbili na nusu za mlimani na moja na nusu ya bondeni karibu na kijito, zimeandikwa kwenye daftari la wakulima kwa jina la mwanamke, namba mia mbili na kumi na nne. Namba hiyo Fagio anaijua kwa kichwa. Ndiyo maandishi pekee duniani yanayomtaja, ukiacha kadi ya kliniki.

Kaka mkubwa wa mumewe ndiye Katibu. Katibu wa nini? Usiulize wa nini, uliza kipi si chake. Kamati ya maji, ambayo bomba lake lilikauka likiwa bado na rangi mpya, katibu ni yeye. Kamati ya barabara, yeye. Kamati ya ujenzi wa zahanati, yeye, na zahanati mpaka leo ni tofali mia nne na bango. Ukiunda kamati ya kumzuia asiwe katibu, utamkuta ameshafungua daftari anaandika majina ya waliohudhuria. Ana ekari sita nzuri kabisa kando ya barabara kuu, lakini msimu ule hakulima, kwa sababu vikao vilikuwa vingi. Magugu yalimfika mtu kiunoni. Mbuzi wa watu walikuwa wakiingia humo wanapotea siku mbili.

Kitu kingine alichokuwa nacho Katibu ni uchu wa lile shamba la bondeni. Pale mwenye pampu analima hata kiangazi. Alikuwa amemwambia mdogo wake mara nyingi, kwa upole wa mtu anayekusaidia kubeba mzigo wako mpaka kwake, kwamba siku mkeo akishindwa kulipanda, mimi nipo, nitalikodi, tusiwape watu baki. Na mdogo wake, kwa kuwa kusema hapana kunamtoa jasho, alikuwa amejibu kwamba basi, akishindwa, sawa.

Mvua ya mawe ilikuja mchana kweupe, saa nane. Ilichukua dakika ishirini hivi. Mahindi ya Fagio yalikuwa yameanza kutoa mbelewele, marefu, kijani kibichi. Ndama wake wa pekee alikuwa amemuuza ili anunue mbegu na mbolea, kwa hiyo ukitazama vizuri, pale shambani alikuwa amesimama ndama mzima. Dakika ishirini baadaye palikuwa na vijiti vimening'iniza matambara. Mawe yalilala kwenye matuta meupe kama chumvi. Fagio alisimama ukingoni, hakulia. Alisema tu, kama mtu anayeona sufuria imefurika, kwamba hapa pamechafuka.

Kesho yake alichana shuka. Lilikuwa shuka la maua mekundu alilopewa siku ya harusi yake, limeshaliwa na sabuni katikati lakini pembe bado zina rangi. Akakata vitambaa vyembamba, akachukua vijiti, akaanza kufunga mabua yaliyovunjika nusu, moja moja, kama mtu anayemfunga kuku mguu. Alifunga mistari mitatu. Siku ya sita yote yalikuwa yamekauka, na vitambaa juu yake. Hapo ndipo alipokubali kwamba msimu umekwenda. Akakaa akafikiri: bila mahindi hakuna mbegu ya msimu ujao, bila mbegu bondeni hapapandwi, na bondeni pasipopandwa yupo mtu ameshakunja suruali.

Wiki ya pili likaja tangazo. Katibu, ambaye kufikia hapo alikuwa tayari katibu wa kamati ya maafa, aliita mkutano akasoma barua ya serikali. Kila mkulima aliyeharibikiwa atalipwa kwa ekari. Wakaguzi watakuja Alhamisi ya wiki mbili zijazo kukagua kila shamba. Watu walishusha pumzi. Sasa, barua ile ilikuwa na ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ulisema kwa herufi kubwa kwamba mkulima asiguse wala asiondoe kitu shambani mpaka mkaguzi apite. Katibu alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya kupendeza. Wa pili aliukunja mara nne, akautia kwenye mfuko wa shati, akaomba makofi.

Hapa inabidi ieleweke neno ukaguzi lina uzito gani kwa watu wa kule. Kwa miaka mingi ukaguzi ulikuwa ni bwana shamba na pikipiki yake na kitabu cha faini. Ukikutwa na magugu, faini. Ukikutwa na mabua ya zamani shambani, faini, kwa kuwa yanafuga wadudu. Mama mkwe wa Fagio aliwahi kulipa jogoo kwa ajili ya mabua kumi na mawili, na jogoo yule aliondoka kwenye tangi la pikipiki akiwa anawaangalia. Kwa hiyo kule mtu akisikia wakaguzi wanakuja, haulizi, anachukua jembe. Hakuna aliyewahi kusikia habari ya mgeni wa serikali anayetaka kukuta uchafu.

Hata hivyo Fagio aliingiwa na shaka. Fidia ya hasara, alijiambia, si lazima mtu aione hasara? Akajifunga kitambaa akaenda kwa Katibu. Alimkuta barazani anakunywa chai, miguu juu ya stuli.

"Shikamoo shemeji. Nimekuja kuuliza. Nisafishe, au niache kama palivyo?"

Katibu aliweka kikombe chini taratibu, kama amesikia habari ya msiba.

"Wewe ndiye wa kuuliza hivyo, shemeji? Wewe Fagio? Mgeni aje akanyage mabua yaliyooza, akaseme ukoo wetu hauna watu?"

"Si wanataka kuona yaliyoharibika?"

"Wataona kwenye maandishi. Na mwandishi ni nani? Si mimi shemeji yako?"

Kisha akaongeza wema juu ya wema. Alisema mzigo wa mabua ni mkubwa kwa mwanamke mmoja, atamletea mkokoteni wake na vibarua watatu, na mabua atayachukua yeye awape ng'ombe. Fagio alimshukuru. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo kuliko fidia yenyewe, kwamba alimshukuru, na vibarua akawapikia chai ya maziwa. Mkokoteni ulikwenda na kurudi mara saba. Ng'ombe wa Katibu ni wawili, na mmoja ni mzee hana meno. Mikokoteni saba ya mabua kwa meno ya ng'ombe mmoja. Hesabu hiyo ilipita mbele ya macho ya Fagio mara saba na mara zote saba alikuwa ameinama anang'oa.

Alisafisha ekari zote nne. Wengine kijijini walisafisha pia, lakini nusunusu, kwa uvivu, wakasema watamalizia Jumatano, na Jumatano haikufika. Baadaye uvivu wao ulilipwa vizuri. Marafiki wa Katibu hawakugusa hata jani, wakawa wanapita wakimsifia Fagio kwa bidii. Naye akachukua maharage aliyoweka ya kula, akayapanda ekari zote kwenye ardhi ile safi, ili mgeni asikute uwazi. Alhamisi ilipofika, maharage yalikuwa yameota majani mawili mawili, mstari kwa mstari, mpaka chini bondeni.

Yaliyotendeka kwenye ekari sita za kando ya barabara alikuja kuyasikia baadaye kutoka kwa kibarua mmoja ambaye Katibu hakummalizia ujira wake, na mtu wa namna hiyo hana siri; hata habari ya ukurasa uliokunjwa ni yeye aliyeitoa. Katibu alifyekesha magugu, akawapa vibarua mitarimbo watoboe mashimo, wachomeke mabua ya Fagio kwa mstari. Aliwalipa kwa mstari, si kwa siku. Basi mistari ya karibu na barabara ilichomekwa kwa adabu, mengine yameinama kama yamepigwa kweli. Kadiri walivyokwenda mbali na macho ya Katibu, na jua nalo likizidi, mabua yalianza kuingia ardhini kwa namna yoyote. Kwenye mistari ya mwisho mengi yalichomekwa kichwa chini, mizizi juu, imetanuka kama vidole vya mtu anayeomba msaada.

Mkaguzi alikuja na gari la ofisi. Alikuwa kijana, kalamu mbili mfukoni na viatu vyeupe. Viatu hivyo ndivyo vilivyoamua mambo mengi siku ile, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na kila shamba lenye tope alilikagulia barabarani. Kwa Katibu alisimama kwenye ukingo wa lami, akapiga picha, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaandika. Kwa Fagio aliingia, kwa sababu Fagio alikuwa amemwekea mawe ya kukanyagia kutoka njiani mpaka katikati ya shamba, na kiti, na maji ya kunawa.

Mkaguzi alitazama huku na huku. Alimuuliza mahindi yako wapi.

"Nimeyaondoa yote," alisema Fagio, kifua mbele. "Ukipata bua moja hapa, nitoze."

Mkaguzi alisema ni safi sana, hajaona shamba kama hili wilaya nzima. Akaandika mstari mmoja tu kwenye fomu, akafunga faili, akasindikizwa na kushukuriwa. Jioni Fagio alimwambia mumewe kwamba wamefaulu. Mumewe alisema vizuri. Katibu alipita kuwapongeza.

Wiki kumi zikapita. Mvua ilikatika mapema, maharage yakachanua halafu yakasinyaa, akavuna madebe mawili, mengi yake mapepe. Kisha asubuhi moja simu za kijiji kizima zikaanza kulia mlio wa pesa kuingia. Ya jirani, ya mwenye duka, ya mzee wa kinu. Fagio alikaa na simu yake mapajani kama mtu anayeatamia. Aliizima akaiwasha. Alimwomba binti yake wa mwisho, mwenye miaka kumi na saba, aikague kama ina ugonjwa. Ilikuwa nzima. Siku ya tatu alimchukua binti yule wakaenda ofisi ya wilaya, ambako majina yalibandikwa ukutani.

Binti alifuata kwa kidole. Mia mbili na kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Alipofika kumi na nne, kidole kikasimama.

"Soma," alisema mama yake.

"Wameandika, hakuna hasara. Shamba lina mazao mazuri."

"Soma tena."

Alisoma tena na maneno hayakubadilika. Pembeni ya orodha walikuwa wamebandika picha kubwa za rangi, mashamba yaliyoathirika vibaya kuliko yote, ili wafadhili wakija waone. Picha ya katikati, kubwa kuliko zote, ilikuwa ya ekari sita za Katibu. Fagio hajui herufi, lakini bua analijua. Alisogea mpaka pua ikakaribia karatasi. Kwenye mstari wa mbele, juu ya bua lililoinama, palikuwa na kitambaa chembamba kimefungwa fundo, chenye maua mekundu. Kulikuwa na kingine. Na kingine. Lilikuwa shuka la harusi yake, limetundikwa ukuta wa serikali.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu choo kiko wapi, akaenda akanawa uso, akarudi nyumbani kwa miguu kilomita tisa akiwa mbele ya binti yake hatua ishirini.

Mumewe alisikiliza yote bila kuacha kupaka mnyororo mafuta. Mwishowe alisema yule ni kaka yangu mkubwa. Fagio alimjibu kwamba hilo analijua, hakuuliza ni nani wake, ameuliza atamwambia nini. Mumewe aliangalia mnyororo kama jibu limeandikwa humo. Basi akaenda mwenyewe.

Katibu alikuwa anapigisha bati jipya, sauti ya nyundo inasikika mpaka njia panda. Alimkaribisha kwa bashasha. Hakukana hata kidogo, na mtu asiyekana ni mgumu kumshika. Alisema ndiyo, mabua yalikuwa ya kwako, lakini ulinipa kwa mkono wako, ukanishukuru na chai juu, sasa kosa langu nini? Ng'ombe hawakuyataka. Nimeyapa kazi nyingine.

"Ulinidanganya, shemeji. Ukurasa wa pili uliuficha."

"Nani kakuambia kuna ukurasa wa pili, wewe usiyesoma?"

"Aliyekuchomekea mabua."

Katibu alicheka kidogo, akamwita mama watoto wake alete soda. Akasema wasigombane kwa kitu cha serikali, mali hii ni ya ukoo mmoja, hata bati lile ni la ukoo. Fagio akamjibu kwamba vizuri, basi mvua ijayo atahamia hapo na godoro lake. Soda hakunywa. Alipokuwa anaondoka Katibu alimsindikiza mpaka njiani, na ndipo alipotoa lile lililokuwa limemkaa rohoni: kwa kuwa msimu unakaribia na mbegu najua huna, mwambie mdogo wangu aje tuandikishane lile la bondeni. Nitawalipa vizuri. Hela ninayo.

Ofisi ya wilaya ilikuwa na siku ya kupokea malalamiko, mara moja kwa mwezi, Jumanne. Fagio alikwenda na binti yake na lile shuka, au kilichobaki cha shuka, limekunjwa ndani ya mfuko wa sukari. Walikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa tano. Mlango ulipofunguliwa na jina lake likaitwa, kumbe aliyeliita ni Katibu. Kamati ya malalamiko nayo ilihitaji katibu. Alikuwa amekaa pembeni ya meza, daftari limefunguka, kalamu tayari, na kwa macho makavu akamuuliza shemeji yake amekuja kulalamika nini, na dhidi ya nani.

"Dhidi yako," alisema Fagio.

Katibu aliandika. Binti, aliyekuwa nyuma ya bega lake, alisoma kwa sauti kile kilichoandikwa: mlalamikaji anadai mabua.

Afisa wa maafa alikuwa mwanamke wa rika la Fagio, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alionekana amechoka na watu, lakini si mbaya. Mkaguzi naye alikuwepo, safari hii na viatu vyeusi. Fagio alieleza kwa ufupi, kisha akatandika shuka juu ya meza, juu ya mafaili ya watu wote, akaomba iletwe picha ya ukutani. Ikaletwa. Afisa alivaa miwani. Aliangalia shuka, akaangalia picha, akaangalia shuka. Maua yalikuwa yaleyale, mpaka ile petali moja iliyochapwa vibaya kiwandani. Halafu macho yake yakapanda juu ya picha, kwenye mistari ya nyuma, yakasimama.

"Hii ni mizizi?" aliuliza.

Mkaguzi alisogea. Alisema ni upepo, mkuu.

"Upepo uling'oa bua, ukaligeuza, ukalichomeka tena?"

"Niliandika kwenye ripoti. Upepo mkali wa kuzunguka."

Waliokuwa mlangoni waliangua kicheko, hata mlinzi. Katibu peke yake hakucheka. Alikuwa anaandika, na alichoandika ni kwamba kikao kilikwenda kwa utulivu. Kwa muda mfupi, wa kama pumzi tatu, Fagio aliamini kwamba mambo yamekwisha. Alikuwa ameonyesha, wameona, kila mtu amecheka. Sasa alibakiwa na nini tena zaidi ya kulipwa?

Afisa akawaomba watu watoke, wabaki wahusika. Aliteremsha sauti. Alisema mama, mimi nimeona. Lakini nikiibadilisha fomu moja ya huyu mkaguzi, itabidi zifunguliwe fomu zote alizoandika yeye, ni mia tatu na kitu, na pesa zimeshatoka, na walio juu watauliza nani alitia saini. Aliyetia saini ni mimi. Fomu yako inasema una mazao mazuri, na siwezi kulipa hasara kwa mtu mwenye mazao mazuri. Lakini, akasema, na uso wake ukakunjuka, ninaweza kukutambua. Akafungua kabati, akatoa cheti kigumu chenye mhuri wa dhahabu, Mkulima Hodari Baada ya Maafa, na jembe jipya lisilo na mpini. Wilaya ilitakiwa ipate mmoja wa kupeleka jina juu, na hakuna mwingine aliyesafisha shamba lake haraka kiasi kile.

Katibu alipiga makofi. Alipiga peke yake, akaacha.

Fagio aliuliza bondeni apande nini, cheti au jembe? Afisa alivua miwani. Alisukuma mbele karatasi na kijaluba cha wino, akamwonyesha mahali pa kuweka dole gumba, ili lalamiko lifungwe na kila mtu akale mchana. Fagio alimpa binti yake asome kwanza.

"Nimeridhika," binti alisoma, "na sina dai lolote, sasa wala baadaye, juu ya ofisi wala juu ya mtu."

"Hayo nimesema mimi?"

"Hujasema, mama. Yamechapwa."

"Basi aliyesema ndiye aweke dole."

Afisa alimweleza kwamba ni utaratibu tu. Mkaguzi alimweleza kwamba bila dole, hata cheti hapewi. Katibu alimwomba kama mtu wa nyumbani, aweke tu, shemeji, ni wino, unatoka kwa sabuni, asifanye ukoo uonekane wa watu wabishi. Fagio alikunja shuka lake kwa nne, akalirudisha kwenye mfuko wa sukari. Akafuta vumbi la shuka kwenye meza ya afisa kwa kiganja, kwa kuwa hakuweza kuliacha, akaondoka. Jembe aliliacha palepale. Majembe anayo matatu, na yote yana mipini.

Tangu siku hiyo lalamiko la mkulima namba mia mbili na kumi na nne halijafungwa. Inasemekana linaharibu ripoti ya afisa: kila mwisho wa mwezi anatakiwa aandike malalamiko yaliyobaki ni sifuri, na kila mwezi anaandika moja. Mara mbili ametuma mtu kijijini na karatasi ileile na kijaluba kilekile. Mara ya kwanza Fagio alikuwa anapalilia, akamwambia mikono ina udongo. Mara ya pili alikuwa ametoka kuoga, akamwambia mikono ni safi, hapendi ichafuliwe.

Msimu umefika. Ameuza mbuzi wawili akapata mbegu ya mlimani. Bondeni amepanda nusu, kwa yale maharage aliyoyachambua punje kwa punje kutoka kwenye madebe mawili. Nusu nyingine iko wazi, imelimwa, imesawazishwa, haina cha kutia ndani. Asubuhi moja vibarua wa Katibu walipofika na majembe, wakisema wametumwa kuanza kazi, walimkuta amekaa katikati ya ile nusu tupu juu ya stuli. Aliwauliza wamelipwa tayari au ni kwa mstari. Walitazamana. Aliwaambia waende kwanza wakalipwe. Hawajarudi. Katibu anasema hana haraka, ahadi aliyopewa na mdogo wake bado ni ahadi, mvua za kupanda zimebakiza wiki tatu kukatika.

Deni liko hivi, na wadaiwa wako hai wote. Ofisi ya maafa inadaiwa fidia ya ekari nne, kwa jina lake na namba yake, na kufuta maneno mazao mazuri. Katibu anadaiwa mikokoteni saba ya mabua, na kusimama mkutanoni aseme mbele ya watu walewale alichokificha. Na fundi baiskeli anadaiwa na mkewe kitu kisicho na gharama, aende kwa kaka yake kabla wiki tatu hazijaisha amwambie kwamba bondeni hapakodishwi. Maneno mawili. Jana alifika mpaka getini kwa kaka yake. Alirudi akasema amekuta watu wanaongea, hakutaka kuwakatiza.